Mbarka wa Mizani na Tende za Ramadhani

Kwetu Ain Sliman, kijiji cha mitende, ukitaka kugombana na Mbarka binti Lazhar, usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba kitu fulani ni karibu kilo mbili. Atashika kiuno akuulize, "Karibu kwa upande gani? Zimezidi au zimepungua?" Na hatakuacha uende zako mpaka umjibu. Muuza nyama wa sokoni alishajifunza: akimwona anakuja, huifuta mizani yake kwa kitambaa kabla hajaambiwa. Mumewe Mongi, dereva wa lori la tende, alipenda kuwaambia wenzake mkahawani kwamba ameoa mwanamke ambaye ukimuuliza kama anakupenda, atakuuliza, "Leo au jana?" Watu wakicheka, na Mongi akicheka kuwashinda, maana nyumbani kwake hakuwahi kula kuskusi mbichi wala mchuzi wa chumvi kali.

Ni rahisi kumcheka mtu wa namna hiyo. Sisi sote tulimcheka, miaka na miaka, na wengine wetu sasa tunaona haya kidogo.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minane, katika kiwanda cha kufungashia tende. Wanawake arobaini walikaa pande mbili za meza ndefu, kila mmoja akibonyeza tende kwa kidole gumba: laini huku, nusu kavu kule, kavu kikapuni. Kidole cha Mbarka kilisifiwa mpaka vijiji vya jirani. Msimamizi alisema kidole hicho ni mashine. Mwingine angevimba kichwa. Yeye aliingiwa na shaka. Asubuhi moja ya Desemba alichambua kreti moja ya tende mia mbili, akahesabu laini, akapata themanini na nne. Akazichanganya, akazificha chini ya meza. Alasiri, jua lilipokuwa limepasha moto bati la kiwanda, akazichambua upya. Laini zikawa mia moja na tatu.

Tende zilezile, kidole kilekile. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi akamweleza.

"Wewe mwanamke," msimamizi akamwambia, "unalipwa kuchambua tende au kuichambua nafsi yako?"

Meza nzima ilicheka. Mbarka alirudi kwenye kiti chake, na tangu siku ile hakukiamini tena kidole chake. Kituo cha utafiti wa mitende kilipotangaza kazi ya kuosha vyombo vya maabara, aliomba, akapata. Baada ya miaka miwili ya kuosha alikuwa amejifunza mizani kwa fundi aliyekaribia kustaafu, na fundi alipoondoka hakuna aliyejisumbua kutafuta mwingine.

Mizani ile ilikaa juu ya meza ya jiwe, ndani ya kijumba cha kioo, na ilihisi hata pumzi. Kila asubuhi Mbarka alilichukua jiwe la mizani la gramu hamsini kwa kibano, kamwe si kwa vidole, kwa kuwa jasho nalo lina uzito. Aliliweka, akasubiri, akaandika namba iliyotokea, hata kama ilikuwa ileile ya jana na juzi.

"Lalla Mbarka, jiwe limenenepa leo?" karani alikuwa akimtania akipita; Lalla kwetu ni kama Bibi.

"Jiwe halinenepi. Wewe je?"

Chombo kilichotoka tanurini hakukipima kikiwa cha moto, maana chombo cha moto huidanganya mizani, kikaonekana chepesi kuliko kilivyo. Alikiweka kwanza kwenye mtungi wa kioo wenye chembe za kunyonya unyevu, kikapoa taratibu. Fomu ya kituo ilikuwa na visanduku vitano tu: namba ya sampuli, uzito kabla, uzito baada, tofauti (yaani maji yaliyotoka), sahihi. Kwake havikutosha. Alijinunulia daftari la jalada la kijani, na lilipojaa akanunua jingine la kijani, na humo akaandika yale ambayo fomu haikuyauliza: saa tende zilipoingia tanurini, saa zilipotoka, kipimajoto kilisema nini, nani alifungua mlango ovyo. Hakuna aliyewahi kuomba kulisoma. Wenzake waliliita Kitabu cha Dhambi, kwa sababu majina yao yalikuwamo.

Jambo moja tu hakulitilia shaka, yeye aliyetilia shaka kila kitu. Tende ziliingia tanurini asubuhi watu wanapoingia kazini, zikatoka jioni watu wanapotoka. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ndivyo alivyofundishwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2004 alifika mtafiti kijana kutoka Sousse, Nizar Bouslama, mtu wa bahari, ambaye siku ya kwanza tu alitumbukia kwenye mfereji wa maji na viatu vyake vya mjini. Mbarka alimpenda papo hapo. Ramadhani ilipoingia, katikati ya Oktoba, alimwalika kufuturu kwake karibu kila siku, kwa sababu kijana hakuwa na mama karibu na shorba, supu ya futari, ya kujipikia mwenyewe ilimshinda. Nizar alikula, akashukuru, akaeleza ndoto yake.

Ndoto yenyewe ilikuwa maji. Mkulima wa kwetu anaishi kwa zamu ya maji. Nizar alitaka kujua: ukiukatia mtende maji siku thelathini kabla ya mavuno, je, tende zitakauka vizuri na kukaa muda mrefu bila kuharibika, ili zikubaliwe ng'ambo kwa daraja la kwanza? Tangu Septemba alikuwa ameshachukua mashamba mawili. Moja akalikatia maji. La pili akalimwagilia mpaka mwisho. Lile lenye kiu liliiva mapema, likavunwa katikati ya Ramadhani. Lile lililoshiba lilivunwa wiki moja baada ya Idi. Mbarka alipima yote mawili. Shamba lenye kiu: unyevu asilimia ishirini na moja. Shamba lililoshiba: ishirini na tano.

Nizar aliruka. Aliukumbatia mtungi wa kioo, kwa kuwa kumkumbatia Mbarka kusingekuwa adabu. "Lalla Mbarka! Pointi nne! Unajua pointi nne ni nini? Hii ndiyo shahada yangu ya udaktari!"

"Mungu akubariki, mwanangu. Weka mtungi chini."

Habari ikaenea. Wakulima walijua kwamba mtende ulionyimwa maji vuli hulipa kisasi masika, maua yakawa machache. Lakini kwa daraja la kwanza walikuwa tayari kujaribu. Mkurugenzi wa kituo, Si Tijani (Si kwetu ni Bwana), aliitisha mkutano wa wakulima mwishoni mwa Januari ili Nizar awaambie rasmi wakate maji. Baadhi walishaanza kugawana zamu ambazo zingebaki.

Barua ilifika siku kumi kabla ya mkutano. Kwa kawaida nusu ya kila sampuli hugandishwa na kupelekwa maabara ya mji mkuu, Tunis, ipimwe upya. Tunis walikuwa wamepima. Shamba lenye kiu: ishirini na saba. Shamba lililoshiba: ishirini na saba. Hapakuwa na tofauti yoyote. Barua ilikuwa na adabu nyingi, na ilimalizia kwa kuomba kituo kichunguze mikono iliyopima.

Si Tijani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili. Aliwaita wote wawili ofisini.

"Nani alipima?" akauliza, ingawa kituo kizima kilikuwa na mpimaji mmoja.

"Mimi, Si Tijani."

"Basi ni moja kati ya mawili. Ama mkono umekosea, ama tende zimenyonya unyevu njiani. Barabara ya Tunis ni ndefu." Akamtazama juu ya miwani. "Mimi naipenda zaidi barabara, haina malalamiko. Lakini kama ni mkono, mkono uliokosea hauwezi kubaki kwenye mizani. Ghalani kuna nafasi ya kuhesabu mifuko ya mbolea."

"Ni barabara," Nizar akasema haraka. "Mimi nimemwona Lalla Mbarka akipima, Si Tijani. Huyu hakosei, wallahi."

Neno hilo lilimchoma Mbarka kuliko barua. Alirudi maabara, akafungua daftari la kijani, akatembeza kidole mstari kwa mstari. Jiwe la mizani: sawa. Kipimajoto: sawa. Saa ya kuingia tanurini, shamba lenye kiu: saa mbili na dakika kumi. Saa ya kutoka: saa nane kasorobo. Akageuza kurasa mpaka baada ya Idi. Kuingia: saa mbili na dakika kumi. Kutoka: saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Alisoma tena. Kisha akaelewa.

Mwezi wa mfungo ofisi zote za nchi hufungwa mapema, watu wawahi nyumbani kuandaa futari. Yeye naye aliwahi, shorba yake ikiwa kichwani, na kabla ya kutoka akatoa vyombo tanurini kama alivyovitoa jioni zote za maisha yake. Lakini tanuri halijui Ramadhani. Tende za mfungo zilikaa motoni saa tano na nusu, za baada ya Idi saa nane na zaidi. Zile za kwanza hazikuwa na maji machache. Maji yake yalikuwa bado hayajatoka, na mtu akaenda nyumbani.

Aliona aibu. Aibu ya kweli. Na baada ya aibu likaja wazo jingine, maana naye ni binadamu: daftari ni langu. Fomu zilikuwa safi, hazikuwa na kisanduku cha saa. Angenyamaza, barabara ingebeba lawama, Nizar angepata udaktari wake, na yeye angebaki na mizani. Alilifunga daftari. Alikaa nalo magotini mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyejua anapigana na nani.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Ammi Sghaier, mlinzi wa lango tuliyemwita Ammi, yaani ami, kwa uzee wake, alimkuta amesimama nje na kikapu.

"Binti yangu, hata jogoo bado."

"Fungua, Ammi. Leo nafunga tena, lakini mfungo wa vyombo."

Alichukua tende za kila shamba zilizobaki kwenye friza. Za shamba lenye kiu akaziponda pamoja, akazigawa kwenye vyombo ishirini na vinne, akavitia vyote tanurini. Kila saa moja alitoa viwili, akavipoza mtungini, akavipima, akaandika. Hakuvirudisha. Hakutoka kula. Saa ya tano na ya sita namba zilikuwa kwenye ishirini na moja. Saa ya tisa, ishirini na tano. Hapo ndipo alipotegemea zisimame, na hazikusimama. Saa ya kumi zilipanda tena. Saa ya kumi na moja, ishirini na sita nukta tisa. Ya kumi na mbili, ishirini na sita nukta tisa. Sasa zimesimama.

Aliitazama namba ya saa ya tisa, akaielewa polepole. Si Ramadhani peke yake. Hata siku ya kawaida haikuwa imetosha. Maji hayaishi kwenye tende eti kwa sababu wafanyakazi wamemaliza kazi. Na yeye amepima hivyo miaka kumi na tisa.

Ammi Sghaier aliingia na chai nyekundu kwenye glasi ndogo, akamkuta ameketi sakafuni.

"Kuna nini? Mtu amekufa?"

"Namba zangu, Ammi."

"Namba ngapi?"

"Zote."

Mzee hakuelewa, lakini aliketi naye sakafuni mpaka chai ikapoa. Wapo watu wanaojua kuketi.

Asubuhi iliyofuata alimweleza Nizar kila kitu, bila kupamba. Kijana alisikiliza rangi ikimtoka usoni.

"Lalla, unajua unaniambia nini? Unaniua."

"Najua, mwanangu."

"Ungenyamaza tu! Nani anasoma daftari lako?"

"Mimi."

Nizar akapiga meza. "Labda jana ndiyo umekosea! Labda juzi ulikuwa sahihi!"

"Labda. Ndiyo maana usiniamini. Chukua tende zile za shamba la pili, pima mwenyewe kwa mkono wako. Mimi nitakaa nje, nisiguse hata kibano."

Nizar alipima, kwa hasira, mlango ameufunga kwa ufunguo. Mbarka alikaa kwenye benchi la nje siku nzima, akisikia vyombo vikigongana na kuumia kila vikigongana. Jioni Nizar alitoka. Namba yake ilikuwa ishirini na sita nukta nane.  Alirudi ndani, akachukua madaftari yote ya kijani kutoka rafuni, akayatia kwenye mfuko, akaondoka nayo.

Siku tatu hakumsalimia. Kwetu hata mahasimu wanaogombea mfereji husalimiana kwanza ndipo wakatukanana, kwa hiyo jambo hilo lilimkata Mbarka. Mongi alimshauri aende kudai madaftari yake.

"Akiyachoma je?"

"Akiyachoma, namba zitakuwa zilezile," Mbarka akasema. Lakini usiku hakula.

Alikwenda kwa Si Tijani akakiri mwenyewe. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mkutano nimeshauitisha. Watu wamealikwa, chai imeshaagizwa. Si Nizar atasema atakavyoona. Wewe, Lalla Mbarka, barua yako ya kuhamia ghalani inachapwa. Si kwa ubaya. Ni utaratibu."

"Na wakulima?"

"Wakulima wana mtaalamu wao."

Basi alikwenda kwenye mkutano akiwa ameamua kwamba kijana akisema "kateni," yeye atasimama mbele ya wanaume sitini na kumpinga, yeye ambaye hajawahi kupaza sauti isipokuwa kwa muuza nyama. Aliketi nyuma, karibu na mlango. Miguu aliibana chini ya kiti.

Nizar alisimama. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Alitia mkono kwenye mfuko wake, akatoa madaftari ya kijani, moja baada ya jingine, akayapanga mezani.

"Nilikuja kuwaambieni mkate maji," akasema. "Msikate. Nilichowaahidi hakipo. Tende zenye kiu na tende zilizoshiba zina unyevu uleule. Tulizikausha kwa saa zisizolingana, tukadhani tofauti imetoka shambani. Nimepiga hesabu siku tatu. Kwa kuwa saa zimeandikwa humu, siku kwa siku, kila kipimo cha kituo hiki kinaweza kusahihishwa, hata cha miaka kumi na tisa iliyopita. Zisingeandikwa, tungetupa vyote. Na nyinyi mngekata maji."

Ukumbi ulinguruma. Haji Lakhdhar, mwenye shamba kubwa kuliko wote na ulimi mrefu kuliko shamba lake, alisimama akitikisa fimbo.

"Subiri, subiri! Mimi nimeshamuahidi shemeji yangu zamu yangu ya Oktoba! Nani amekosea? Mna majina au mna madaftari tu?"

Nizar alifungua mdomo. Si Tijani alikohoa. Kabla ya yeyote kati yao, sauti ilitoka nyuma.

"Mimi, Haji."

Vichwa sitini viligeuka. Mbarka alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyezitoa tanurini. Ramadhani nilizitoa mapema nikawahi futari. Na siku nyingine zote pia nilizitoa mapema, bila kujua. Kosa ni langu."

"Nani alikukamata?"

"Tunis walisema kuna kosa. Mahali lilipo nililitafuta mwenyewe."

"Ukaja kutuambia sisi. Hapa. Mbele ya watu."

"Nije kuwaambia wapi?"

Haji Lakhdhar aliishusha fimbo, jambo ambalo wengi ukumbini hawajawahi kuliona. 

"Wanunuzi wa bandarini," akasema, "wananipimia tende zangu miaka thelathini. Kila mwaka zina unyevu mno, kila mwaka wananishushia daraja. Na hawajawahi kusema wamekosea, wale. Hata siku moja." Akawageukia wenzake. "Mimi kesho namletea huyu mwanamke tende zangu."

Ukumbi uliangua kicheko kilichochanganyika na kitu kingine. Mbarka hakucheka. Aliketi, akajifunika uso kwa shela, akalia waziwazi. Nizar alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti vyote mpaka nyuma, akainama, akambusu kichwani kama mtu anavyombusu mama yake.

Asubuhi iliyofuata, Si Tijani alikuja kazini na barua ya uhamisho mkobani, imeshapigwa muhuri. Nje ya lango walikuwa wamesimama wakulima kumi na mmoja na makreti yao, wakigombea nani amefika mwanzo, na Ammi Sghaier katikati yao akijaribu kuwapanga. Walikuwa wakimuuliza mkurugenzi Lalla Mbarka anafika saa ngapi. Aliwajibu kwamba yuko njiani, akaingia ofisini, na barua ile hakuitoa mkobani.